Kubadilisha spika ya Bluetooth: miaka mia moja ndani ya kasha moja

Spika yako ya Bluetooth imeanza kukwaruza. Ukipunguza sauti inatulia kidogo, ukiongeza besi inakoroma kama mtu mwenye mafua. Betri inashika chaji vizuri, taa inawaka, simu inaunganika bila shida. Unaipeleka kwa fundi, anaisikiliza sekunde kumi tu na jibu analo: spika ya ndani imeungua, ibadilishwe. Anavuta droo iliyojaa spika za kila saizi, anatafuta moja inayotoshea tundu, anailehemu, unalipa, unaondoka. Wiki mbili baadaye imeungua tena. Au haijaungua, ila ule mdundo ulioinunulia haupo.

Shida iko wapi? Mara nyingi fundi hakukosea kulehemu, na spika aliyoiweka haikuwa feki. Iliyokosewa ni ile hesabu ya "inayotoshea tundu". Kutoshea tundu ni sharti moja kati ya kadhaa, na yale mengine hayaonekani kwa macho. Kila moja limeingia kwenye hiki kidude katika wakati wake, kwa sababu zake. Kwa hiyo leo nakualika tufungue spika moja pamoja, tabaka kwa tabaka, tuone kila kipande kilitoka wapi. Ukishajua kilikotoka, utajua pia cha kuuliza kabla hujatoa pesa.

Tukubaliane lugha kwanza. "Spika ya Bluetooth" nitamaanisha kasha zima unalobeba. "Spika ya ndani" ni lile duara lenye koni na sumaku nyuma yake, ndilo tunalobadilisha.

Koili, sumaku na koni

Chukua spika ya ndani, itazame kwa nyuma. Kuna sumaku. Katikati ya sumaku kuna mwanya mwembamba sana wa duara, na ndani ya mwanya huo inaelea koili ya waya mwembamba. Koili imegundishwa kwenye koni. Umeme wa muziki ukipita kwenye koili, sumaku inaisukuma mbele na kuivuta nyuma, koni inafuata, hewa inatikisika, wewe unasikia wimbo. Kazi yake yote ni hiyo.

Wazo hilo ni la zamani kuliko redio yenyewe. Mjerumani Werner von Siemens alipata hataza ya koili inayocheza ndani ya uga wa sumaku mwaka 1874, miaka miwili kabla ya hataza ya simu ya Alexander Graham Bell. Mwaka 1898 Mwingereza Oliver Lodge naye akaandikisha ya kwake. Lakini hakuna aliyeweza kufanya la maana na koili hizo, kwa sababu moja rahisi: hakukuwa na amplifaya. Umeme wa simu wa wakati ule ulikuwa dhaifu mno kusukuma koni.

Mambo yalibadilika kwenye karne mpya. Peter Jensen, mzaliwa wa Denmark, na mwenzake Edwin Pridham walikuwa wakifanya kazi California. Walichukua koili inayocheza, wakaiwekea tarumbeta kubwa mbele ili ile sauti ndogo isikike mbali. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1915 walikitumia chombo chao mbele ya umati San Francisco. Kampuni yao waliiita Magnavox, maneno ya Kilatini yenye maana ya "sauti kubwa". Mwaka 1919 Rais Woodrow Wilson alihutubia umati mkubwa kule San Diego kupitia vyombo vyao, na siasa za jukwaani zikaanza kubadilika. Kumbe mzee wa kwanza wa spika yako alikuwa kipaza sauti cha mikutano ya hadhara!

Tarumbeta ilikuwa na kasoro, ilifanya kila kitu kisikike kama kinatoka ndani ya ndoo. Walioiondoa ni wahandisi wawili wa General Electric ya Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg. Mwaka 1925 walichapisha matokeo yao, na ukisoma walichofanya utaona kwamba hawakugundua kipande kipya hata kimoja. Walichogundua ni namna ya kuvipanga.

Fikiria bembea. Ukiisukuma inakwenda kwa mwendo wake yenyewe, mwendo inaoupenda. Kitu chochote kilichoshikwa na springi kina mwendo wa namna hiyo, na koni pia imeshikwa na springi, yaani ule mpira au karatasi ya pembeni. Spika za awali zilikuwa na mwendo huo katikati kabisa ya sauti za watu na ala, kwa hiyo baadhi ya noti zilipiga kelele na nyingine zikamezwa. Rice na Kellogg waliilegeza koni, ili mwendo wake wa asili ushuke chini hadi karibu na mwisho wa besi. Juu ya hapo koni ikawa inatii umeme karibu sawa kwa noti zote. Mwaka uliofuata spika yao ilikuwa sokoni kwa jina la Radiola 104, ikiwa na amplifaya yake ndani ya kabati hilohilo.

Kasha moja, amplifaya ndani, koni mbele. Toa waya wa ukutani, weka betri na redio ndogo ya kupokea kutoka kwenye simu, umepata ulichonacho mezani. Spika ya ndani iliyoungua leo na ile ya Rice na Kellogg ni ndugu wa damu.

Namba ya kwanza: omu

Sasa geuza spika ya ndani usome nyuma ya sumaku. Ukibahatika utakuta maandishi kama 4Ω 5W. Ile alama ni omu, kipimo cha ukinzani. Wengi tunaangalia wati kwanza, kumbe inayoua vitu ni omu.

Enzi za valvu, kati ya amplifaya na spika kulikuwa na transfoma. Kazi yake ilikuwa kupatanisha pande mbili zisizoelewana: valvu iliyotaka ukinzani mkubwa, na koili yenye omu chache tu. Transista zilipoingia kwenye redio za mkononi katika miaka ya 1950 na kuendelea, transfoma hiyo taratibu ikatoweka. Ilikuwa nzito na ya gharama. Tangu hapo amplifaya inashikana na koili moja kwa moja, na koili ikiwa si sahihi hakuna wa kuwapatanisha.

Piga hesabu ndogo ya kidato. Nguvu ni volti mara volti, gawanya kwa omu. Tuseme amplifaya inatoa volti 4. Kwenye spika ya omu 4 unapata wati 4, na mkondo wa ampea 1. Weka omu 8: wati 2, ampea nusu. Sauti inashuka kidogo, lakini hakuna kinachoungua. Weka omu 2: wati 8, ampea 2. Mkondo umekuwa maradufu, na ile chipu ya amplifaya haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Itajizima ikiwa imewekewa kinga. Kama haina, utairudisha kwa fundi ukiwa na tatizo kubwa kuliko ulilokuja nalo.

Hii pia inaeleza kwa nini spika za kubeba hupenda omu 4 na siyo 8. Betri moja ya lithiamu ina volti 3.7 hivi. Volti zikiwa chache, njia rahisi ya kupata wati ni kupunguza omu.

Maandishi yakiwa yamefutika, pima kwa multimita. Spika ya omu 4 itasoma 3 na pointi kadhaa, ya omu 8 itasoma 6 au 7. Usishtuke kuona pungufu. Multimita inapima waya mtupu kwa umeme usiobadilika, wakati ile namba ya nyuma inahesabu koili ikiwa kwenye muziki. Ikisoma hakuna kitu kabisa, koili imekatika, na fundi wako alikuwa sahihi.

Sumaku na vita vya Kolwezi

Tukifika kwenye sumaku, historia inatutoa maabara na kutuleta jirani kabisa na kwetu.

Spika za miaka ya 1920 nyingi hazikuwa na sumaku ya kudumu. Zilitumia sumaku ya umeme, koili ya pili kubwa iliyokula umeme muda wote redio ikiwa imewashwa. Kwa redio ya sebuleni iliyochomekwa ukutani ni sawa. Kwa kitu cha kubeba, haiwezekani. Mwaka 1931 Mjapani Tokushichi Mishima alionyesha kwamba aloi ya chuma, nikeli na alumini inashika usumaku kwa nguvu ambayo vyuma vya awali havikuwa nayo. Wengine wakaongeza kobalti, na ndipo ikapatikana familia inayoitwa alniko. Aina yake iliyopendwa sana kwenye spika ina karibu robo ya uzito wake kobalti.

Na kobalti ilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa, Katanga. Ndiyo, Katanga ya Kolwezi na Lubumbashi, ambako wachimbaji walizungumza Kiswahili chao cha migodini, wakichimba shaba na kobalti ikitoka pamoja nayo. Miaka ya 1970 nchi iliitwa Zaire, jimbo likaitwa Shaba, na shirika la serikali lililoshika migodi ni Gécamines. Hakuna nchi iliyotoa kobalti nyingi kuliko hiyo.

Mei 1978 wapiganaji waliotokea Angola waliingia Kolwezi. Mapigano yakafuata, raia wengi wakauawa, Wafaransa na Wabelgiji wakaleta askari wa miavuli, wataalamu wa kigeni wakakimbia na kazi migodini ikasimama. Soko la dunia likaingiwa na hofu na bei ya kobalti ikapaa mara kadhaa. Kiwanda cha spika Marekani au Ulaya hakikuhitaji kujua Kolwezi iko upande gani wa ramani. Kilichoona ni ankara.

Mbadala ulikuwapo tayari. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 watafiti wa Philips kule Uholanzi walikuwa wametengeneza sumaku ya feraiti, yaani kutu ya chuma iliyochanganywa na bariamu na kuokwa kama kigae. Ni dhaifu kuliko alniko, kwa hiyo lazima iwe pana na nzito, ila ni rahisi na haina kobalti hata chembe. Watengenezaji wengi walikuwa wanahamia huko polepole. Baada ya 1978 walihama kwa haraka. Ile sahani nyeusi nene unayoiona nyuma ya sabufa na redio nyingi za mtaani ndiyo feraiti.

Bei ya kobalti iliwasukuma watafiti kutafuta sumaku kali isiyoitegemea. Mwaka 1983, karibu kwa wakati mmoja, Masato Sagawa na wenzake Japani na kundi la John Croat wa General Motors Marekani walitangaza sumaku ya neodimiamu, chuma na boroni. Kipande cha ukubwa wa sarafu kinafanya kazi ya sahani nzima ya feraiti. Bila hicho spika ya Bluetooth ya kuingia mfukoni isingekuwepo.

Kwako wewe unayebadilisha, hili lina maana mbili. Ya kwanza: ukitoa spika ya neodimiamu ukaweka ya feraiti yenye duara sawa, kina hakitalingana, na hata ukilazimisha ikaingia, sumaku itakuwa dhaifu zaidi na sauti ndogo zaidi. Ya pili ni ya usalama wa koni yako: neodimiamu inanyakua bisibisi ghafla. Bisibisi ikiponyoka inatoboa koni mpya kabla hata hujaisikia. Shika spika uso ukiwa umeelekea mbali na vifaa vya chuma.

Spika bubu na hesabu ya kasha

Sasa angalia pembeni mwa spika yako. Nyingi zina viduara viwili vinavyocheza kwa nguvu besi ikipiga. Watu wengi hudhani ndizo spika zenyewe, na wakiona kimoja kimepasuka wanaagiza spika mpya. Kwa nyuma havina waya, sumaku wala koili. Mimi naviita spika bubu, maana havipokei umeme wowote. Spika ya ndani ikisukuma hewa iliyofungiwa kwenye kasha, hewa ndiyo inayovisukuma, navyo vinaongeza besi ambayo koni ndogo peke yake isingeweza kutoa. Hataza yake aliipata Harry Olson wa RCA mwaka 1935.

Kwa hiyo hewa ya ndani ya kasha ni kipuri, sawasawa na koili. Edgar Villchur alilionyesha hilo mwaka 1954 alipotengeneza spika ndogo iliyofungwa kabisa, ambayo hewa ya ndani ndiyo springi ya koni. Watu walizoea kuamini besi nzuri inataka kabati la ukubwa wa friji, naye akawaonyesha la kuwekwa kwenye rafu. Kisha Neville Thiele mwaka 1961, na baadaye Richard Small katika miaka ya mwanzo ya 1970, wote wakiwa Australia, wakaiweka kazi hii kwenye hesabu. Walionyesha kwamba namba chache za spika ya ndani (mwendo wake wa asili, ulaini wa springi yake, uzito wa koni, nguvu ya sumaku) zinatosha kukuambia inataka kasha la ukubwa gani. Ukizijua unaweza kuchora kasha kabla ya kukata ubao wa kwanza.

Hapo ndipo penye siri ya spika "iliyotoshea tundu" na bado ikakosa mdundo. Duara ni sawa, omu ni sawa, lakini springi yake ni ngumu zaidi, au koni ni nyepesi, na haielewani na hewa ya kasha lile. Tena siku hizi chipu ya ndani inaongeza besi kwa makusudi kwa kipimo cha spika ya asili. Spika nyingine ikipewa umeme uleule, koni inarushwa kupita uwezo wake, koili inagonga au inaungua. Ndiyo ile ya wiki mbili.

Na kama kasha halikufungwa vizuri baada ya matengenezo, hewa inavuja, spika bubu zinakosa wa kuzisukuma, na besi inapotea hata kama kila kipuri ni kipya.

Gundi

Redio ya babu ilifungwa kwa skrubu nne, na fundi aliweza hata kukata koni iliyochakaa na kubandika nyingine kwenye fremu ileile. Spika ya Bluetooth imegundishwa. Tusiwe wepesi kusema ni uchoyo tu. Kasha lazima lishike hewa kwa ajili ya besi, na kama limeandikwa IPX7 lazima livumilie kuzamishwa mita moja ya maji kwa nusu saa. Gundi inafanya yote mawili kwa bei ndogo. Lakini skrubu na mpira wa kuziba nazo zinaweza kuyafanya. Tofauti ni nani anabeba gharama: kiwanda leo, au wewe miaka miwili baadaye.

Na ukifungua, kuna betri. Betri ya lithiamu aliyoifungulia njia John Goodenough na wenzake kule Oxford mwaka 1980, na Sony kuiingiza sokoni mwaka 1991, ilijengwa juu ya kobalti. Nyingi za leo bado zinayo, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka kulekule Kongo, kutoka ardhi ileile ya Kolwezi. Kobalti ilifukuzwa kwenye sumaku ikarudi kupitia betri. Kila spika inayotupwa kwa sababu koni ya bei ndogo imechanika inakwenda jalalani na madini ambayo mtu aliyachimba kwa jasho, wakati mwingine kwa mikono mitupu.

Umoja wa Ulaya umeshapitisha sheria inayotaka, kuanzia tarehe 18 Februari 2027, betri za vifaa vya kubeba ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe. Haisemi lolote kuhusu koni, lakini kasha linalofunguka kwa ajili ya betri ni rahisi zaidi kufunguka kwa ajili ya koni pia.

Kabla hujamwambia fundi "weka"

Chomoa betri kwanza, kabla pasi ya kulehemu haijawaka. Isitobolewe, isikunjwe. Hakikisha kilichoharibika kina waya nyuma. Kama hakina, unatafuta spika bubu.

Kisha linganisha kwa mpangilio huu: omu sawa au zaidi, kamwe si pungufu. Wati sawa au zaidi. Kipenyo, matundu ya skrubu na kina. Aina ya sumaku. Bonyeza koni taratibu kwa vidole viwili, ulinganishe ulaini wake na ya zamani. Siyo kipimo cha maabara, ila kinafichua tofauti kubwa. Kama kuna spika nyingine ya modeli ileile iliyokufa betri au bodi, spika yake ya ndani ni bora kuliko mpya yoyote ya droo, kwa sababu hesabu ya Thiele na Small tayari imeshafanywa kwa ajili yake.

Weka alama waya wa chanya. Ukisahau, gusisha betri kavu ya volti 1.5 kwa kufumba na kufumbua: koni ikitoka nje, upande uliogusa chanya ndio chanya. Kasha likiwa na spika mbili na moja ikapinduliwa, moja itasukuma wakati nyingine inavuta, na besi zitauana.

Mwisho, ziba. Rudisha mpira au gundi kuzunguka ukingo wote. Cheza wimbo wenye besi kwa sauti ya chini, kisha pitisha kiganja kwenye maungio. Ukisikia upepo, bado kazi haijaisha.